Surua haibadiliki sura, inafuta kumbukumbu

BULUO, LIKASI – Wako wazazi wanaouliza: kama virusi vinabadilika kila mwaka, chanjo ya zamani itasaidia nini? Swali si la kijinga. Virusi vya mafua hubadilika kweli. Vya UKIMWI vimezidi: wataalamu wanakadiria vilianza kuenea Kinshasa karibu mwaka 1920, vikafuata njia ya reli mpaka Katanga, na hadi leo havina chanjo. Mwili ukishajifunza sura yao moja, vimekwisha kuvaa nyingine.

Surua ni mambo mengine. Sehemu inayotumia kushika chembe za mwili haiwezi kubadilika ovyo bila virusi vyenyewe kuharibika. Ndiyo maana chanjo iliyotengenezwa miaka ya 1960 ingali inafanya kazi.

Hila ya surua iko kwingine, na ni mbaya zaidi. Kwanza inazima kengele ya hatari ya mwili. Halafu inaingia katika chembe za kinga zenyewe, zile zinazokumbuka magonjwa yaliyopita, na kuziua. Utafiti wa 2019 juu ya watoto wa Uholanzi wasiochanjwa ulionyesha kwamba surua iliwapokonya kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao. Vipele vinaisha, mama anashukuru Mungu. Miezi kadhaa baadaye nimonia inamchukua mtoto, na hakuna anayekihesabu kifo kile kuwa cha surua.

Kati ya 2018 na 2020 surua iliua watoto zaidi ya 7,000 nchini Kongo. Ebola ya mashariki, wakati uleule, iliua watu zaidi ya 2,200. Kamera zilikwenda kwa Ebola.

Sasa, familia iliyokimbia vita haibebi fishi ya chanjo. Inabeba watoto na sufuria, basi. Kumrudisha mama eti alete karatasi kwanza ni kosa kubwa. Mtoto aliyekwisha kuchanjwa akichanjwa tena hapati madhara. Ambaye hakuchanjwa akirudishwa, anaweza kufa. Wakubwa wa afya waamuru watoto wa wageni wachanjwe siku wanapofika, kuanzia miezi 6. Na wazazi wajue: sindano ya kabla ya miezi 9 haihesabiwi, mtoto arudishwe akifikisha 9.