Mkaguzi wa Magari Alipwe kwa Kusema Kweli

Abiria apandapo basi hana nafasi ya kuinama chini ya gari atazame breki. Hukaa kitini akamtumaini mtu asiyemwona: mkaguzi aliyetia sahihi kwamba gari ni zima. Sisi twauliza: mkaguzi huyo alipwa na nani, tena kwa kazi gani?

Wako wasemao kwamba dawa ni kutafuta watu waaminifu tu. Uaminifu twautaka sana. Lakini hata mwaminifu ana watoto wa kulisha. Ikiwa ujira wake watoka mfukoni mwa mwenye gari, na mwenye gari kesho aweza kumwendea mkaguzi mwingine aliye mpole zaidi, basi kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere.

Jambo hili si la kubuni. Katika jimbo la New York, Marekani, gereji za watu binafsi hupima moshi wa magari. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba gereji zenye washindani wengi karibu yao zilipitisha magari kwa urahisi zaidi, kwa kuogopa kupoteza wateja.

Dawa nayo imekwisha jaribiwa. Katika jimbo la Gujarat, India, wakaguzi wa uchafu wa viwanda walichaguliwa na kulipwa na wenye viwanda, na ripoti zao zikajaa uongo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka huo huo wa 2013, baadhi ya wakaguzi walipangiwa viwanda kwa kura, wakalipwa kiasi kimoja kutoka mfuko wa pamoja, na baadhi ya vipimo vyao vikarudiwa na watu wengine. Ripoti zikaikaribia kweli, na viwanda vikapunguza uchafu.

Kiwanda na basi ni mamoja katika hili. Kwa hiyo twadai: mwenye gari asijichagulie mkaguzi, ada iingie mfuko wa umma, mshahara wa mkaguzi utoshe, wala usipande au kushuka kwa idadi ya magari aliyoyapitisha, na magari machache yapimwe mara ya pili kwa kura.

Tutaambiwa hayo yana gharama. Ni kweli. Lakini breki mbovu nazo zina gharama, na wanaoilipa ni abiria.

Wananchi, lizungumzeni jambo hili katika mikutano ya matawi yenu. Wanaopanda mabasi hayo ni ninyi na watoto wenu.