Safari ya Bahari: Uliza Upepo Kabla ya Kuuliza Nauli

Kila watu waanzapo kupanga likizo zao, swali huwa ni lile lile: mwezi gani ni mzuri kwa matembezi ya baharini? Safari hii swali limebisha hodi mlangoni kwangu. Mpwa wangu afanyaye kazi Muscat amenipigia simu kunieleza kuwa ataka kumchukua mamake kwa chombo kutoka Mombasa hadi Lamu, akapunge hewa na kuwazuru jamaa. Likizo yake aweza kuichukua mwezi wowote autakao. Amekwisha kusoma vijitabu vya mashirika ya utalii, na vyote, asema, vina neno moja: Disemba hadi Machi. "Basi mjomba, nikate tikiti ya Disemba?"

Sikumjibu papo hapo. Nilitoka nyumbani baada ya swala ya Alasiri nikateremka hadi kwenye baraza moja karibu na Bandari ya Kale, wanapokaa wazee na kahawa yao chungu, nikaliweka swali mbele ya mzee mmoja aliyekuwa nahodha kwa miaka mingi. Yeye hakutaja mwezi hata mmoja. Aliniuliza, "Kijana wako aenda wapi?"

"Lamu, mzee wangu."

"Kwa chombo cha tanga au cha mashine?"

"Cha tanga, na mashine ndogo nyuma."

"Na huyo dadako ana umri gani?"

"Amepita sabini."

"Basi Disemba atamtapisha mamake njia nzima. Mwambie aje demani."

Nimeyafikiri maneno hayo siku kadhaa, na leo nataka kuyatetea hapa. Naona sisi watu wa pwani tumeanza kuichagua bahari yetu kwa kalenda iliyotungwa na wageni, kwa ajili ya haja zao wenyewe, na hali kalenda yetu ipo na haijakosea.

Kwanza tukumbushane mambo ambayo babu zetu waliyajua hata bila ya kufundishwa shule. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huanza kushika mwezi wa Novemba au Disemba na kuendelea hadi Machi. Huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kuvisukuma vyombo kuelekea kusini. Ni msimu wa joto na jua kali. Kusi huingia Aprili pamoja na mvua za masika, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kupita yote hapa Mombasa. Mvua zikiisha kusi hubaki, ikiwa na nguvu zaidi na ubaridi wa kipupwe miezi ya Juni na Julai, ikivisukuma vyombo kwenda kaskazini. Kuanzia mwisho wa Agosti kusi huchoka, bahari hutulia, na hicho ndicho kipindi kiitwacho demani. Kisha huja zile siku za tanga mbili, upepo usipokuwa na shina, maleleji, mpaka kaskazi ishike tena. Katikati ya hayo huanguka mvua za vuli, Oktoba na Novemba.

Sasa tazama. Lamu iko kaskazini ya Mombasa. Anayetoka hapa Disemba au Januari kwa tanga kwenda Lamu aenda usoni mwa upepo. Chombo hakina budi kubisha, kwenda huku na kurudi huku, na kila wimbi lampiga omo. Lakini anayetoka hapa wakati huo huo kwenda Wasini, Pemba au Unguja ana upepo mgongoni. Mwezi ni mmoja na bahari ni moja, lakini safari hizo mbili ni kama usiku na mchana. Ndiyo maana mzee wangu aliuliza wapi kabla ya kuuliza lini. Kitabu kisemacho "Disemba hadi Machi" bila ya kumwuliza mtu aendako kimemjibu nusu ya swali.

Mambo haya si mapya. Mji wetu wa Kale umejengwa juu yake. Majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuwa yakifika hapa kwa kaskazi na tende, mazulia, chumvi na papa mkavu, kisha yakingoja kusi ndipo yarejee na boriti za mikoko na bidhaa nyingine. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyozaa udugu, ndoa na mitaa. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 akalala usiku mmoja na kuisifu misikiti yake ya mbao, alikuwa njiani kwenda Kilwa, nako kurejea Arabuni alirejea na upepo wa msimu kama wenziwe wote.

Na aliyeudharau msimu alilipa. Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Alipotoka Malindi tarehe 24 mwezi huo, akiwa na rubani aliyepewa hapo, kusi ilikuwa inaingia, naye akaivuka bahari hadi Bara Hindi kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Wakati wa kurudi hakungoja. Aliondoka pwani ya Bara Hindi mwanzo wa Oktoba, kaskazi bado haijashika, akatangatanga baharini karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye, na alipofika Malindi Januari 1499 waliobaki walikuwa hawatoshi kuendesha merikebu zote. Moja, iliyoitwa São Rafael, ikabidi kuichoma moto huku kusini ya Mombasa. Bahari ilikuwa ile ile na nahodha yule yule. Kilichogeuka ni upepo.

Najua kuna msomaji atakayesema, "Bwana, hayo ni ya zamani. Leo tuna mashine." Kweli, mashine imeupunguzia upepo amri yake, lakini wimbi haikulifuta. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja katika upepo mkali na bahari iliyochafuka, na roho nyingi zikapotea. Meli hiyo haikuwa na tanga. Ilikuwa na mashine, tena za nguvu. Sisemi kwamba upepo peke yake ndio wa kulaumiwa, kwani chombo na mzigo wake navyo vina hesabu. Nasema tu kwamba mwenye mashine naye ana haja ya kumwuliza nahodha.

Nami mwenyewe si msafi katika jambo hili. Niliwahi kuwapandisha wanangu mashua mwezi wa Juni kwa kuwa ndio siku nilizopata nafasi. Tulipokuwa ndani ya mwamba palikuwa pazuri. Tulipotoka mlangoni kwenda bahari kuu, kusi ikatupokea. Mdogo wao alitapika mpaka akakosa cha kutapika, na hadi leo, naye ni mtu mzima mwenye watoto, hataki kusikia habari za mashua. Siku moja ya pupa ilitosha kumwondolea mtoto wa Mombasa mapenzi ya bahari.

Tuje kwenye zile meli kubwa za watalii zinazotia nanga Kilindini. Aghalabu huja baina ya Novemba na Aprili, na wenyewe wana sababu zao. Kwao Ulaya ni baridi, huku ni jua. Tena meli ndefu kama mtaa haijali sana upepo unatoka wapi. Katika miaka ya maharamia wa Kisomali, hasa 2008 hadi 2012, zilituhepa, na wachuuzi, madereva na waongozaji wageni wa Mji wa Kale waliionja njaa. Zilipoanza kurejea tulishukuru, na mimi ni mmoja wa walioshukuru. Mgeni aliyeshuka asubuhi, akaiona Ngome ya Yesu, akapita Ndia Kuu akanunua kikapu, amemlisha mtu. Lakini msimu unaomfaa mgeni wa siku moja si lazima umfae mwenyeji atakaye kumtembeza mamake kwa wiki nzima. Mgeni alikimbia baridi. Sisi Januari na Februari twakimbia joto.

Na kuna jambo jingine ambalo vijitabu hivyo havitaliandika, lakini sisi hatuwezi kulisahau. Mwaka wetu wa Kiislamu hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa jua. Ramadhani ya 2024 ilianza Machi. Kila mwaka inazidi kuingia ndani ya kaskazi. Na kwa hesabu, mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba. Maana yake ni kwamba kwa miaka hii, ule msimu usifiwao ndio wenye mwezi wetu wa kufunga. Msafiri sheria imempa ruhusa yake, hilo silipingi. Lakini nani kati yetu anayetaka kuondoka nyumbani kwa ajili ya starehe, akaacha futari na tarawehe za msikiti wake? Na mgeni naye, akishuka mchana wa Ramadhani akakuta mikahawa imefungwa na watu wamelala, ataondoka akidhani Mji wa Kale ni mji wa makiwa. Laiti angekuja baada ya Magharibi! Basi wenye kuleta wageni nao wangefaidika kama wangeangalia kalenda zote mbili.

Nasema zote mbili kwa sababu wazee wetu walitumia zote mbili. Upepo waliuhesabu kwa mwaka wa jua, kuanzia Nairuzi, wakihesabu siku kwa miongo ya kumi kumi. Nairuzi hiyo siku hizi huangukia Julai, na wenzetu wa Makunduchi, Unguja, bado huisherehekea kwa Mwaka Kogwa. Maji waliyahesabu kwa mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa sana na kukupwa sana. Baina yake ni maji mafu. Mwenye kutaka kupita mlango wa Mkanda, nyuma ya kisiwa cha Manda, kwenda Siyu au Faza, na auangalie mwezi, kwani maji yakitoka chombo hukaa juu ya tope. Kwa hiyo likizo njema ya bahari yataka mwezi wa Kizungu kwa ajili ya upepo, na tarehe ya Kiislamu kwa ajili ya maji. Mwenye kujua moja tu ni kama mwenye kasia moja.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa aendaye kusini, Wasini au Unguja, kaskazi ni njema. Bahari huwa safi, na anayetaka kuona samaki na matumbawe ya Kisite hatajuta. Miezi ya Aprili na Mei na akae nyumbani ale mbaazi na mahamri. Juni na Julai aendaye kaskazini ataenda mbio, lakini awe na tumbo la chuma. Ama kwa familia, kwa wazee, na kwa aendaye Lamu, ngojeni demani, tangu siku za mwisho za Agosti hadi vuli ianze. Kusi imebaki mkia tu, unaosukuma bila ya kupiga. Joto bado halijaja. Nyangumi, ambao hupita pwani yetu kuanzia Julai, bado huonekana Septemba. Wageni ni wachache, kwa hiyo wenye vyombo wana nafasi, na bei husikilizana. Na kwa miaka hii, Ramadhani iko mbali.

Nitaambiwa kwamba Septemba watoto wako shuleni. Ni kweli, na hilo ndilo tatizo la demani. Lakini zile siku za mwisho za likizo ya Agosti zipo, na aliyezikosa anaweza kuanza na safari fupi. Si lazima twende Lamu. Muulize kijana wa Kibokoni au Kuze kama amewahi kuiona Ngome ya Yesu kutoka baharini, kama walivyoiona waliokuja kuipigania. Muulize kama amewahi kuzunguka na mashua kutoka Bandari ya Kale hadi hori la Tudor wakati wa jioni. Wengi watakujibu kuwa hawajawahi. Wageni wa kutoka mbali wamekwisha kuyafanya hayo, tena wamelipa, nasi tumekaa Mama Ngina tukila mihogo na kuzitazama meli za wenzetu zikipita.

Mpwa wangu nimempa jibu lake. Alinung'unika kidogo, kwani rafiki zake wote huchukua likizo Disemba. Nikamwambia kwamba rafiki zake hawatakuwamo chomboni, mamake atakuwamo. Ameomba likizo ya Septemba. Nami nimemwambia kwamba akifika, kabla ya kulipa nauli, twende pamoja barazani tukamwamkie yule mzee, akamwulize tarehe ya maji. Wazee kama yule hawajabaki wengi, na wanalolijua halikuandikwa katika kijitabu chochote. Nawe msomaji, kama mtaani kwako yuko mmoja, mpelekee kahawa leo.