Nani Apimaye Mawe ya Mizani?

Kila mfanya kazi aliyewahi kununua sukari ya kupimwa ajua kwamba mizani yaweza kuwa nzima na mnunuzi akapunjwa vile vile. Yatosha jiwe la kilo liwe limechongwa. Ndiyo sababu serikali hukagua mawe ya wenye maduka na kuyapiga mhuri. Leo twataka kusema habari za jiwe jingine, ambalo uhai wa watoto wetu walitegemea. Jiwe hilo ni mbu wa maabara.

Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi mno wao katika Afrika. Ngao yetu kubwa ni chandarua chenye dawa. Lakini chandarua hupimwaje? Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, mbu watano watano huingizwa katika koni iliyobanwa juu ya kitambaa, wakakaa humo dakika 3, kisha wakatolewa na kuangaliwa. Wakianguka asilimia 95 baada ya dakika 60, au wakifa asilimia 80 baada ya saa 24, chandarua kimefaulu. Mbu hao hawaokotwi mtaroni. Hufugwa kizazi baada ya kizazi, na wajulikanao sana ni wa ukoo uitwao Kisumu, ambao asili yao ni mji huo wa Kenya na ambao leo wafugwa hata Ulaya na Marekani. Hawa hawana usugu wa dawa. Kando yao hufugwa koo sugu, ili dawa mpya zijaribiwe juu yao.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mbu mmoja akiponyoka na kuingia kizimba cha jirani, au yai likinata ubavuni mwa sinia lisilooshwa vema, damu huchanganyika, na macho ya mfugaji hayaoni kitu. Anopheles gambiae na nduguye Anopheles arabiensis hawatambulikani kwa sura hata chini ya darubini. Wakizaana, madume chotara huwa tasa, lakini majike huzaa, na kwa mlango huo sifa za mmoja hupenya kwa mwingine. Ukoo mnyonge ukiingiliwa na mbu sugu, chandarua kizuri kitaonekana kibovu. Ukoo sugu ukiingiliwa na wanyonge, dawa dhaifu itasifiwa, itanunuliwa kwa fedha za umma, na mkulima wa mpunga kule Kilombero atalala chini yake akidhani amekingwa. Kosa hili la pili ndilo tuliogopalo zaidi.

Wala si hofu tupu. Ukoo wa G3, uliotoka Gambia mwaka 1975 na kutumiwa sana na wataalamu wa vinasaba, umeonekana kuwa mchanganyiko wa gambiae na coluzzii, aina mbili zilizotengwa kwa majina mwaka 2013 tu.

Njia ya kuwatambua ipo. Mguu mmoja wa mbu watosha kutoa vinasaba. Tangu mwaka 1993 kuna kipimo cha kutenganisha aina za kundi la gambiae, lakini hicho peke yake hakitoshi, maana hutaja kabila wala hakitaji nyumba. Kuijua nyumba kwahitaji alama nyingine kadhaa. Mojawapo ni ile ya nafasi ya 1014 katika jeni ya mishipa ya fahamu, ambako badiliko moja tu humpa mbu nguvu ya kustahimili dawa za jamii ya pairethroidi, zile zile zitiwazo katika vyandarua. Mbu wa kizimba cha Kisumu akikutwa na alama hiyo, si Kisumu tena, hata kibandiko kiseme nini.

Kazi hii haina utepe wa kukatwa wala ngoma za kuipokea, na kazi za namna hiyo ndizo hunyimwa fedha kwanza. Sisi twataka kila taarifa ya majaribio ya chandarua iletwayo mbele ya wanunuzi wa serikali ionyeshe tarehe ambayo mbu waliotumika walikaguliwa vinasaba, na alama zilizoangaliwa. Karatasi isiyo na tarehe hiyo irudishwe kwa mwenyewe.