DAKTARI WA WANANCHI SI DAKTARI MDOGO

Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipojitawala, nchi yenye watu wapatao milioni 9 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Huo ndio urithi tulioachiwa na Waingereza baada ya kututawala kwa zaidi ya miaka 40. Hatukukaa tukalia. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1968 ikaingizwa katika Chuo Kikuu. Leo vyuo vya udaktari ni vingi.

Lakini wakati hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilipotukuta tumepita milioni 61, mkulima wa mbali alikuwa bado hajamzoea daktari. Kwa nini? Kwa sababu tulimfukuza mkoloni tukabaki na mawazo yake, kwamba daktari wa kweli ni yule wa hospitali kubwa mjini, mwenye ubingwa wa kiungo kimoja, na kwamba anayekwenda wilayani amekosa bahati.

Sisi tunayakataa mawazo hayo. Hatuwadharau mabingwa; mwenye moyo mbovu anamhitaji bingwa wa moyo. Wala hatuwasahau matabibu na wauguzi wa zahanati, ambao ndio waliobeba mzigo huu miaka yote. Lakini wagonjwa wengi hawaji na ugonjwa mmoja. Mama huja na mimba, shinikizo la damu, na mtoto mwenye homa mgongoni. Anayeweza kuwatazama wote, akajua pia kwamba baba nyumbani anakohoa mwezi wa pili, ni daktari wa jumla anayeifahamu familia ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shinikizo la damu lisilopimwa kijijini huja kuuzia watu ng'ombe mjini, kutafuta fedha za kumtibu aliyepooza.

Wapo waliokwisha kututangulia. Tangu mwaka 1984 Cuba iliweka daktari na muuguzi wake katikati ya makazi ya watu, wawili hao wakitunza familia zipatazo 120. Jirani zetu wa Kenya walianza kufundisha udaktari wa familia katika Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005.

Basi tunataka mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi wa udaktari asifundishwe katika wodi za mjini peke yake. Apelekwe wilayani mapema, akajifunze kwa wananchi. Pili, udaktari wa familia uhesabiwe ubingwa kamili, wenye cheo na mshahara wa ubingwa. Tatu, Serikali isimtupe kijana katika kituo cha afya kisicho na nyumba, maji wala dawa, kisha ikamlaumu akikimbia.

Nanyi, ndugu madaktari vijana, kumbukeni kwamba jasho la mkulima limesaidia kuwasomesha. Msimlipe kwa kumpa kisogo.

Wanachama, suala hili msiwaachie wakubwa. Katika mikutano ya matawi ulizeni: kituo chetu cha afya kina daktari? Analala wapi? Amekaa muda gani? Maradhi ni mmoja wa maadui watatu tuliotangaza kupigana nao, na vita haviendi kwa majemadari peke yao.