Shujaa wa Japani, vumbi la Mata
Wiki hii, hapa Mata, nimemwona mtoto akimrusha Ultraman barazani pa duka, kidoli kilichotoka kwenye mitumba ya soko la Taveta: rangi ya fedha imebanduka, kiganja kimoja hakipo. Shujaa huyu alianza kwenye televisheni ya Japani mwaka 1966. Taa yake ya kifuani ni ya buluu, hugeuka nyekundu nguvu zikimwishia. Wakusanyaji wa vidoli kama hiki hupima viungo, rangi, na zaidi ya yote boksi ambalo halijafunguliwa. Nami napenda vitu vya zamani, nawaelewa. Lakini ngoma isiyopigwa haisifiwi mlio. Kidoli cha kufungiwa kabatini ni mali tu; anayekipa ushujaa ni mtoto. Mzazi, ukinunua, fungua boksi.