Tusiwafunge watu kwa tabia zao za zamani



Nataka nami nitoe dukuduku langu juu ya maneno ambayo yamekuwa kinga ya watu wengi huku vijijini, na nadhani hata mijini. Maneno yenyewe ni haya: "Mimi ndivyo nilivyo." Mtu akiambiwa kwamba ana ulimi mchafu, jibu ni hilo. Akiambiwa kwamba akikopa halipi, jibu ni hilo hilo. Nasi tunaomsikiliza tunamsaidia kwa methali kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Kwa mtoto hiyo ni methali nzuri, maana inamhimiza mzazi asichelewe. Lakini sisi tumeigeuza. Tunaitumia kumwambia mtu wa miaka arobaini kwamba kazi ya kumrekebisha imekwisha, apumzike. Wahenga hao hao ndio waliosema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa huo ulimwengu unamfunza nani, kama si mtu mzima?

Nilipata kufanya kazi na mwalimu mmoja aliyekuwa akisema kwamba ana hasira za kuzaliwa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko isizidi vinne, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na iandikwe katika kitabu. Mwenzetu huyo kanuni alizijua, ila hasira za kuzaliwa, alisema, hazisomi kanuni. Basi nikawa namtazama. Hasira zile hazikumpanda hata siku moja mbele ya mthibiti ubora wa shule. Hazikumpanda mbele ya mwenye duka aliyekuwa akimkopesha sukari. Zilipanda darasani tu, mbele ya watoto wa miaka tisa. Tabia inayojua kuchagua mtu wa kumwonea si ya kuzaliwa. Mtu anayeweza kujizuia saa nne mbele ya mkubwa anaweza kujifunza kujizuia saa tano mbele ya mdogo, akitaka.

Upande wa pili wa jambo hili ndio ulionifanya nishike kalamu. Mwaka huu wazazi wa shule yetu walikutana kuchagua wajumbe wa kamati ya shule. Lilitajwa jina la mzazi mmoja ambaye zamani alikuwa mlevi wa gongo, na kila mtu anajua, maana alikuwa akilala njiani. Gongo ameacha, na huu ni mwaka wa tatu. Analima bustani ya mboga, watoto wake wawili huja shuleni wakiwa safi, na mahindi ya chakula cha mchana cha wanafunzi huyaleta kabla hajakumbushwa, jambo ambalo baadhi ya waheshimiwa wetu hawalifanyi. Jina lake lilipotajwa tu, mtu wa nyuma akalitaja lile jina la utani la enzi za pombe. Mkutano mzima ukacheka. Mikono iliyonyooshwa kumchagua ilikuwa michache sana. Mzee mmoja, ambaye namheshimu, alinieleza baadaye, "Mwalimu, mlevi ni mlevi, amepumzika tu."

Mimi kila muhula naandika ripoti za wanafunzi. Wasomaji wenye watoto wanazifahamu. Mbali na alama za masomo, ipo sehemu ya tabia na mwenendo: bidii ya kazi, usafi, ushirikiano, heshima, utunzaji wa mali, uaminifu. Mtoto hupewa herufi kwa kila kimoja. Yuko mwanafunzi ambaye mwezi wa sita alipata D ya utunzaji wa mali, kwa sababu alikuwa anachana vitabu, na mwezi wa kumi na mbili akapata B. Hakuna mzazi aliyekuja kunilalamikia kwamba nimekosea, kwamba mchana vitabu ni mchana vitabu. Wote wanaelewa kwamba herufi ya Desemba hutolewa kwa matendo yaliyofuata baada ya Juni. Lakini mtu mzima kijijini tunampa ripoti moja tu ya maisha. Akipata D mwaka ambao alikuwa na miaka ishirini na tano, ataizikwa nayo.

Hasara yake hailingani na kicheko cha mkutanoni. Anayejirekebisha na kuona watu bado wanamwita kwa jina lile lile hujiuliza anajinyima kwa ajili ya nani. Wakimrudisha kilabuni ndipo tunaposema, si tulisema?

Wapo watakaoniambia kwamba nazungumza ya vitabuni. Basi nizungumze ya nchi yetu. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika Tanzania walikuwa wapata 67 katika kila 100. Mwaka 1970 ukafanywa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Watu wenye wajukuu wakakaa chini ya miembe jioni, wakitoka shamba, wakajifunza kushika kalamu. Waliitwa ngumbaru, na walitaniwa na watoto wao wenyewe. Majaribio ya kitaifa ya mwaka 1975 yalikuta wasiojua ni 39 katika 100, na ya mwaka 1986 yakakuta hawafiki 10. Hao wote walikuwa samaki waliokwisha kauka.

Tena haikuwa kusoma tu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapata milioni mbili walishiriki. Namna ilivyoendeshwa inafaa tuiangalie hata leo. Watu walikaa katika vikundi vidogo mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 12. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaenda kufanya kitu: kuchimba choo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kufukia madimbwi. Wiki iliyofuata wanarudi kwa wenzao, na wenzao wanauliza choo kimefika wapi. Hapo hapakuwa na hotuba ya kumwambia mtu abadilike kwa mara moja. Palikuwa na jambo dogo, siku maalumu, na jirani wa kuuliza.

Linganisha na tunavyofanya sasa. Mtu anaapa usiku wa mwaka mpya mbele ya umati kwamba ataacha pombe, uongo na madeni, vyote pamoja. Au anajizuia mwezi wa Ramadhani, au siku arobaini za Kwaresima, na siku ya sikukuu yenyewe anarejea kwa kasi. (Wauza pombe wa kwetu wanaijua kalenda ya dini kuliko wengi wetu.) Siubezi mfungo, hapana. Mtu aliyeweza kukaa siku thelathini amekwisha thibitisha kwamba anaweza. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza siku ya thelathini na moja.

Na lazima aulizwe, kwa sababu tabia njema haiwekwi ghalani kama mahindi. Hata hilo la kusoma linatufundisha. Kampeni zilipopoa na madarasa ya jioni kufungwa, hatukubaki pale tulipokuwa mwaka 1986. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika, miongoni mwa wenye miaka 15 na zaidi, ni kama 78 katika 100. Vipimo vya majaribio na vya sensa havifanani, nakubali, lakini kurudi nyuma kulikuwapo.

Katika kazi yetu ya ualimu liko jambo dogo ambalo nalipenda, ingawa wengi hulijaza kwa kutimiza wajibu tu. Andalio la somo, pale chini, lina nafasi ya tathmini ya mwalimu. Kila kipindi kikiisha mwalimu anatakiwa aandike yeye mwenyewe amefundishaje. Yapo maandalio ambayo kuanzia Januari hadi Novemba yameandikwa "somo limeeleweka", hata siku ambayo mvua ilinyesha juu ya bati na hakuna aliyesikia neno. Lakini anayeijaza kwa ukweli, kwa mstari mmoja tu, baada ya mwaka huwa mwalimu mwingine. Siku hizi sisi watumishi wa umma tunajaza pia kazi zetu katika mfumo wa PEPMIS, na ni vizuri, ila mfumo unahesabu kazi. Mstari ule wa andalio ndio unaoweza kuandikwa, "leo nimemfokea mtoto aliyeuliza swali zuri."

Mkulima naye anaweza kuwa na mstari wake, hata bila kalamu, akiwa na mwenzake wa kumwambia.

Sisemi kwamba mtu aliyeacha wizi juzi apewe leo funguo za ghala peke yake. Huko ni kumtega, na kuwatega wenye mahindi. Imani hurudishwa kwa vipimo: ashike funguo pamoja na mwingine, aandike kinachoingia na kinachotoka, atoe hesabu mbele ya wazazi kila mwezi. Miezi sita ikipita salama aongezewe. Hivyo ndivyo ninavyofanya na kiranja ambaye mwaka jana alikuwa mtoro, na darasa halijaharibika.

Kwa hiyo naomba viongozi wa vijiji na wenyeviti wa mikutano wafanye jambo moja ambalo halina gharama. Mtu akipingwa mkutanoni kwa sababu ya tabia yake, mwenyekiti amuulize anayempinga: lini? Mara ya mwisho ulimwona amelewa lini? Mara ya mwisho alidhulumu lini, na alimdhulumu nani? Jibu likiwa wiki iliyopita, mkutano una haki ya kumkataa. Likiwa miaka mitatu iliyopita, basi lisihesabiwe, na majina ya utani yapigwe marufuku kabisa kikaoni.

Ninalolisita ni fedha taslimu, maana hapo kosa moja tu linaweza kuwalaza watoto mia mbili na njaa. Ningefurahi kama wasomaji wa vijiji vilivyokwisha mpokea mtu wa namna hii katika kamati ya shule au chama cha ushirika wangetuandikia katika ukurasa huu, watueleze walianza kumpa kazi gani, na ilichukua muda gani hadi alipoaminiwa na daftari la fedha.

Mwalimu wa Darasa la Nne,
Kilosa, Morogoro.