Ukifunga bao, hakuna anayekuuliza babu yako alizikwa wapi



Munakumbuka tarehe 16/11/2025, kule Rabat. Nijeria walitufunga dakika ya tatu tu, watu wakaanza kushika kichwa. Meschack Elia akarudisha. Ikafika penalti, na ile ya mwisho njo Chancel Mbemba aliipiga. Usiku ule, wenye kazi na sisi tusio nayo, wenye diplome na wenye kusukuma chukudu, tulikuwa kitu kimoja. Hakuna mtu aliuliza mwenziwe kabila.

Mwezi uliofuata, shirikisho la mpira la Nijeria likapeleka malalamiko FIFA: ati wachezaji kadhaa wa Kongo wako na pasipoti za Ulaya, na sheria ya Kongo yenyewe haikubali uraia wa inchi mbili. Kwenye vikundi vya WhatsApp tulicheka. Walishindwa uwanjani, sasa wanatafuta ushindi ndani ya makaratasi. Sawa. Lakini tukisha kucheka, tuseme ukweli kati yetu: ile karatasi waliyoshika mkononi, si wao waliiandika. Ni ya kwetu.

Kipengele cha 10 cha Katiba ya tarehe 18/02/2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja, na hauchanganywe na mwengine. Sheria ya 2004 juu ya uraia inasema pia kwamba Mkongomani anayechukua uraia wa kigeni anapoteza ule wa kwetu. Soma vile imeandikwa, kisha angalia liste ya Leopards. Cédric Bakambu alizaliwa Ufaransa. Yoane Wissa pia. Kocha Sébastien Desabre ni Mfaransa kabisa, lakini yeye angalau hakuna anayemuomba kadi ya mchaguzi.

Sisi tunawapenda hawa vijana, isieleweke vibaya. Wazazi wao walitoka hapa kama vile wengi wetu tunatamani kutoka kila asubui tukiamka bila kazi. Mtoto aliyekulia karibu na Paris, akachagua maillot yetu wakati angeweza kungojea ya wengine, huyo ni Mkongomani. Bao likiingia, roho inakubali mbele ya sheria.

Sasa swali. Kwa nini roho hiyo hiyo inafunga mlango kwa mtu aliyezaliwa Masisi, Rutshuru ao Minembwe? Munajua vile inaendaka. Kijana ameketi kwenye buvette, amevaa maillot ya Leopards kama wengine, ametoa franka zake kama wengine. Mtu anamwangalia pua, anamwangalia urefu, anamuuliza: "Weye, uko wa wapi mu kweli?" Anajibu Masisi. "Apana, mbele ya Masisi?" Mbele ya Masisi hakuna kitu! Babu yake alizikwa kule. Na huyu hana pasipoti nyingine ya kukimbilia mambo ikiharibika. Iko na kadi ya mchaguzi tu, sawa na sisi wote, ju inchi hii inaishi miaka na miaka bila kadi ya utambulisho ya kweli. Kile kikarata cha kura, ambacho wino yake inafutika ndani ya mfuko, njo kinamaliza mjadala wa wewe ni nani. Ao hakimalize, kama uso wako haukupendeza mwenye kukishika.

Tunajua jibu litakalokuja. "Si wakati wa kuongea hayo, tuko vitani." Tunajua kama tuko vitani. Goma ilianguka mwezi wa 1, 2025, Bukavu mwezi wa 2, na hatukuvisoma kwenye gazeti. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika wazi kwamba jeshi la Rwanda liko nyuma ya M23. Hatuwaazimie hao kisingizio chochote. Bunduki haitoe uraia kwa mtu. Lakini wanasema wanapigania Watutsi wa Kongo, na kila mara mmoja wetu anapomwambia jirani arudi "kwao", anawapatia sentensi moja ya hotuba yao. Bure, bila hata kuombwa.

Tukumbuke pia Abidjan, tarehe 7/2/2024, nusu fainali na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwengine vikawekwa kichwani kama bunduki. Dunia iliyokuwa inanyamaza ju ya mashariki ikalazimika kuangalia. Tulipoteza 1-0, na watu wengi wanakumbuka ile ishara kuliko bao la Haller. Kati ya wale wachezaji wako ambao sheria yetu, ikisomwa kwa ukali, ingewaita wageni. Na hawakuuliza wanaokufa mashariki ni wa kabila gani.

Kule Moroko, Michel Kuka Mboladinga alisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono juu, kama sanamu ya Lumumba. Picha yake tuliigawanya kila mahali. Vizuri. Lakini Lumumba alijenga chama cha inchi nzima wakati wengine walikuwa wanajenga vya jimbo na vya kabila. Kugawanya picha saa nne, na saa tano kuandika matusi juu ya pua ya mtu, hiyo hatuielewe.

Kinshasa tangu 2024 wanaongea habari ya kubadilisha Katiba. Sisi tunasikia mandat, mandat, mandat. Kipengele cha 220 kinakataza kugusa hesabu ya mandat za rais, na tutakitetea. Kipengele cha 10 hakikufungwa na huo ufunguo. Wabunge wanaweza kukishugulikia bila kumuongezea mtu hata siku moja ya kiti. Tunawauliza wale wanaovaa maillot siku ya mechi na kupiga picha: nani kati yenu ataleta hiyo sheria? Na kadi ya utambulisho, iko wapi? Itolewe kwa kila raia, Kinshasa na Minembwe, kwa bei ambayo mtu asiye na kazi anaweza kulipa.

Tunangoja jibu lenu. Kwa sasa tunachanga franka za mafuta ya jenereta, ju mechi ijayo umeme utakatika tena, na kwenye buvette yetu yule kijana wa Masisi amekwisha kutoa mchango wake.